Jinsi skripti yangu ilivyosomwa na jukwaa la filamu mtandaoni

Vijana wengi wanaoandika huniuliza swali moja: "Dada, imeili ya Netflix unayo? Nina skripti." Swali hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu nyuma yake kuna mtu aliyekesha akiandika. Jibu ni kwamba anwani haitamsaidia. Netflix wameeleza wazi kuwa hawapokei kazi ambayo hawakuiomba. Wanasoma kinacholetwa na wakala mwenye leseni, yaani mtu anayewatafutia waandishi wanunuzi, au na prodyuza, mwanasheria au meneja ambaye tayari wanafahamiana naye kikazi. Ukituma mwenyewe, hakuna anayefungua.

Wengi wakisikia hivyo huona wamedharauliwa. Mimi nilipoelewa sababu yake nilipata nguvu, maana nilijua kukataa huko hakuhusu ubora wa hadithi. Wanaogopa kesi. Mwaka 1949 Victor Desny alipiga simu ofisini kwa mwongozaji Billy Wilder huko Marekani, akamsimulia katibu wake hadithi ya mtu aliyenaswa pangoni. Filamu ikatengenezwa, Desny hakulipwa, akaenda mahakamani. Mwaka 1956 Mahakama ya Juu ya California ilisema kwamba wazo peke yake halimilikiwi na mtu, lakini anayelipokea na kulitumia huku akijua mwenzake anategemea malipo anaweza kuhesabiwa kuwa amekubali kulipa. Ukiwa studio inayoandaa tamthilia nyingi kwa wakati mmoja, njia salama ni kutosoma kabisa cha mtu usiyemjua.

Amazon walijaribu kufungua mlango. Kuanzia 2010 mtu yeyote aliweza kupandisha skripti yake kwenye tovuti ya studio yao. Mwaka 2018 waliufunga.

Kwa hiyo sikupoteza muda kutafuta anwani za California. Wakala wa waandishi wa filamu hapa Dar es Salaam sijawahi kukutana naye. Aliyebaki ni prodyuza, na prodyuza wapo. Nilianza kuangalia majina yanayopita mwisho wa kila tamthilia ya Kiswahili niliyoipenda, nikiandika kwenye daftari nani aliitengeneza, kampuni gani, ilionyeshwa wapi. Baada ya muda niliona ni kampuni zilezile chache zinazofanya kazi na vituo vikubwa na majukwaa ya mtandaoni. Hao ndio nilitaka wanijue.

Hata nafasi zinazoonekana wazi kwa kila mtu hupitia mikononi mwao. Shindano la ngano za Afrika la Netflix na UNESCO lililotangazwa 2021 lilitaka muhtasari mfupi pamoja na kazi ulizokwisha kufanya. Washindi walikuwa sita, akiwamo Mtanzania Walt Mzengi Corey. Kila mmoja alipata dola 25,000, na bajeti ya kutengeneza filamu, dola 75,000, ilipitia kampuni ya uzalishaji ya nchini mwake. Kazi ulizokwisha kufanya: hapo ndipo nilipojua pa kuanzia. Niliomba nafasi ya kuandika mazungumzo kwenye tamthilia ya kituo kimoja cha hapa. Malipo yalikuwa madogo na tarehe za kukabidhi zilibana, lakini jina langu likaanza kupita kwenye skrini kama yale niliyokuwa nikiyaandika daftarini.

Prodyuza wangu nilimpata Zanzibar wakati wa ZIFF, tamasha la kimataifa la filamu la huko. Tamasha hili lipo tangu 1998, na pamoja na filamu huwa na vikao vya watu wa fani. Nilimsikiliza akizungumza, nikasubiri watu wapungue, nikamwamkia. Nikamtajia tamthilia yake niliyoipenda na sababu ya kuipenda. Kisha nikaomba ruhusa ya kumtumia ukurasa mmoja wa muhtasari wa hadithi yangu.

"Mmoja kweli, mdogo wangu," alinijibu. "Skripti usinitumie mpaka nikuombe."

Ukurasa ule niliuandika upya mara nyingi kuliko kitu chochote nilichowahi kuandika. Sentensi ya juu ilikuwa hii: Mjane wa mvuvi anaingia kwenye mnada wa samaki Feri ili alipe deni la marehemu, na kugundua kwamba anayemdai ni shemeji yake. Chini yake aya tatu: nani anataka nini, nani anamzuia, na kwa nini hadithi haiwezi kwisha kwa filamu moja. Alipoomba sehemu ya kwanza, nilikuwa nayo tayari, herufi za Courier saizi 12, maana kwa mpangilio huo ukurasa mmoja hukadiriwa kuwa dakika moja ya picha, na msomaji wa kazi hii huangalia idadi ya kurasa kabla ya kusoma neno.

Kabla ya kuituma niliisajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki ya Tanzania. Kwa sheria yetu ya hakimiliki ya 1999, kazi inalindwa tangu inapoandikwa. Usajili unakupa ushahidi wa tarehe na jina. Wazo la mjane na deni halilindwi, ila jinsi nilivyoliandika linalindwa, ndiyo maana sipendi mtu azunguke akisimulia hadithi ambayo hajaiandika.

Maoni yake yalinifundisha kuona kurasa zangu kwa jicho la bajeti. Nilikuwa na dhoruba baharini usiku, ngalawa mbili, watu wakizama. Aliniuliza boti ya kamera inakodiwa na nani, na waigizaji wanaojua kuogelea wako wangapi. Nilibaki na swali hilo kwa muda, halafu nikaiandika dhoruba kutoka nchi kavu: wanawake wamekaa kwenye ndoo zilizopinduliwa, simu ya mvuvi haipatikani, na dalali anaendelea kupanga beseni za mnada kwa sababu wateja wameshafika. Inagharimu kidogo sana na inaumiza zaidi. Mnada wenyewe tulikubaliana ubaki na umati wake wote, kwa kuwa bila mnada hadithi hiyo haipo.

Tulisaini mkataba unaompa haki ya kuipeleka hadithi kwa wanunuzi kwa mwaka mmoja. Nilimlipa mwanasheria ausome kwanza, na aliniongezea vipengele viwili: mwaka ukiisha bila mnunuzi haki zote zinarudi kwangu, na maneno "Imeandikwa na" yanabaki na jina langu kwenye sehemu ya kwanza hata wakiongezwa waandishi wengine. Prodyuza hakubishana navyo. Angebishana, ningeondoka.

Ndiye aliyeipeleka kwenye jukwaa ambalo lisingefungua imeili yangu. Waliisoma, wakaomba mpango wa msimu mzima, kisha wakakubali kulipia uandishi wa sehemu zilizobaki. Kutengeneza bado hawajaamua. Kwa sasa tuko waandishi watatu kwenye chumba kimoja Mikocheni, na wiki hii tunabishana kama shemeji anafaa kujulikana mapema au tusubiri hadi katikati ya msimu.