Pete ya mpira iliyookoa maganda yangu ya .303

Babu yangu alikuwa askari wa Keya, akapigana Burma mwaka 1944 akiwa na bunduki ya Lee-Enfield, na ndiyo maana nilipohamia Texas na kuikuta moja ya aina hiyo ikiuzwa dukani sikusita kuinunua. Risasi zake za .303 ni ghali, kwa hiyo nikaanza kuyaokota maganda na kuyashindilia upya mwenyewe, yaani kuyatia fataki, baruti na kichwa kipya cha risasi.

Tatizo lilijitokeza ganda lilipofyatuliwa kwa mara ya tatu. Nilivuta bolti, kikatoka kitako peke yake, na mwili wote wa mbele ukabaki umeng'ang'ania ndani ya chemba, ile sehemu ya nyuma ya mtutu risasi inapokaa. Nilisukuma brashi nene ya shaba hadi ndani ya kipande hicho, nywele zake zikaushika mdomo wake, kisha nikaigonga taratibu kwa fimbo kutoka mbele ya mtutu mpaka kikatoka. Siku hiyo nilishukuru kwamba nilikuwa nimevaa miwani.

Mzoefu mmoja wa uwanja wa shabaha akaniambia nimenunua maganda ya shaba mbovu, nikatoa karibu dola 100 kwa maganda mapya. Mwingine akasema nipunguze baruti, nikapunguza. Yakakatika vilevile. Aliyeniudhi zaidi ni yule aliyenifundisha kazi hii, kwa kuwa alisisitiza kwamba kila mara kalibu, yaani chombo cha chuma kinacholibana ganda lirudi umbo lake, ishushwe hadi iguse kishikio kinachoshika kitako cha ganda, na mimi nikamtii kwa uaminifu.

Ganda la .303 lina ukingo kitakoni, na ukingo huo ndio unaolishikilia ndani ya chemba, wala si bega, pale mwili unapopungua kuelekea shingo. Chemba za bunduki hizi za vita ziliachiwa nafasi kubwa mbele ili risasi yenye tope iweze kuingia. Baruti inapowaka, bega husukumwa mbele, kitako hurudi nyuma hadi kwenye bolti, na shaba huvutika mahali pamoja, chini kidogo ya sentimita 1 juu ya ukingo. Mimi nilikuwa nikilirudisha bega nyuma kwa kalibu, kisha nikifyatua, shaba ikavutika tena pale pale.

Nilinyoosha kibanio cha karatasi, nikaikunja ncha yake kama ndoana ndogo, nikaipitisha ndani ya kila ganda kutoka kitakoni kuelekea juu. Lililo zima huteleza. Lililochoka lina mfereji, na ncha hunasa humo hata kabla mstari unaong'aa haujaonekana kwa nje. Kati ya maganda 40, niliyabana 23 kwa koleo na kuyatupa.

Kilichoniokoa ni pete nyembamba ya mpira, ya aina wanayotumia mafundi bomba. Ganda jipya nilivisha pete hiyo mbele tu ya ukingo, nikalishindilia kwa kipimo cha chini kabisa cha baruti kilichoandikwa katika kitabu, nikafunga bolti huku nikihisi mpira ukibanwa. Kwa kuwa kitako tayari kimeegemea bolti, hakina pa kurudi, na ganda hutanuka kuelekea mbele hadi likapata umbo la chemba yangu.

Tangu hapo nabana shingo peke yake kwa kalibu, bila kulirudisha bega nyuma, na maganda hayo hayaingii katika bunduki nyingine. Yakizidi urefu wa milimita 56.44 nayakata. Fungu la kwanza la maganda 20 limeshafyatuliwa mara 9, na ncha ya waya bado inateleza ndani yake bila kunasa.