Nilivyojizoesha kujikinga na corona nikiwa mwanafunzi wa uuguzi

Watu wanadhani mwanafunzi wa afya akishasoma kuhusu ugonjwa basi kujikinga kunakuja kwenyewe. Wapi! Mi nilikuwa nasomea uuguzi kipindi WHO wanatangaza corona kuwa janga la dunia, Machi 11, 2020, na darasani kwetu ungeuliza swali lolote ungejibiwa, kirusi kinaitwaje, dalili zinachukua siku ngapi kutokea (kwa kile kirusi cha mwanzo wastani ni siku 5 hadi 6 lakini inaweza kufika 14), sanitaiza iwe na alkoholi angalau asilimia 60, yote tulikuwa nayo kichwani. Afu unaenda kantini unakuta watu walewale wamebanana meza moja, barakoa ziko kidevuni, na wanajadili hayohayo.

Kwa hiyo tuliporudi wodini nikaamua nisitegemee kukumbuka, maana mtu akishakesha zamu ya usiku hakumbuki hata kalamu yake iko wapi. Nikachukua zile nyakati tano za kusafisha mikono, yaani kabla ya kumgusa mgonjwa, kabla ya kazi inayotaka usafi wa hali ya juu kama kuweka kanula (kale kamrija ka kuingizia dawa kwenye mshipa), baada ya kugusana na damu au majimaji ya mwili, baada ya kumgusa mgonjwa, na baada ya kugusa vitu vilivyomzunguka, nikazifunga kwenye vitendo ninavyofanya kila siku. Hiyo ya mwisho ndo inayosahaulika zaidi, kwa sababu unaona hujamgusa mtu, umesogeza tu kitanda au umerekebisha dripu, mikono inaonekana misafi. Mi nikajiwekea sheria moja ya kijinga lakini inafanya kazi: sishiki faili wala kalamu kabla sijagusa chupa ya sanitaiza. Wiki za mwanzo inakera, baadae mkono unaenda wenyewe.

Na muda nilikuwa nahesabu kimoyomoyo. Sanitaiza inatakiwa usugue sekunde 20 mpaka 30, kunawa kwa maji na sabuni zoezi zima linachukua 40 mpaka 60, na mikono ikiwa na uchafu unaoonekana sanitaiza haitoshi, nenda kwenye bomba. Sehemu zinazorukwa ni vidole gumba na ncha za vidole, na hizo ncha ndo tunazoshikia kila kitu jamani. Simu nikaacha kuingia nayo karibu na kitanda cha mgonjwa kabisa, manake unanawa vizuri halafu unashika kitu ulichokuwa nacho chooni, sasa umenawa nini?

Kwenye kuvua vifaa vya kujikinga ndo palikuwa kazi kwelikweli. Kuvaa kila mtu anaweza, kuvua ndo unajipaka mwenyewe. Tulifundishwa glavu kwanza, halafu gauni, unasafisha mikono, ndo unatoa miwani, barakoa mwisho unaishika kwa kamba tu, unasafisha mikono tena. Kwenye karatasi rahisi, ila ukiwa na joto na miwani imejaa ukungu unataka kuvua vyote kwa mpigo. Nikakubaliana na mwenzangu mmoja wa darasa, akivua mi nasimama namwangalia na nikivua ananiangalia, ukikosea unaambiwa hapohapo bila kununiana. Hii nawashauri hata leo, imenisaidia kuliko bango lolote la ukutani, manake bango ukishalizoea hulioni tena.

Kitu kilichonibadilisha mawazo hasa lakini ni habari ya daktari Semmelweis wa Vienna. Mwaka 1847 aliona wanafunzi wa udaktari wanatoka kupasua maiti wanaenda moja kwa moja kuzalisha kinamama, akawalazimisha waoshe mikono kwa maji yenye klorini, na vifo vya homa ya uzazi vikashuka sana. Yaani waliokuwa wanabeba ugonjwa ni wanafunzi, watu kama sisi. Na sisi tulikuwa tunazunguka wodi, maktaba, hosteli, na corona mtu anaweza kuambukiza siku moja mbili kabla hajaanza hata kukohoa. Nikaacha kuiona barakoa kama kitu cha kunilinda mimi tu, nikawa nawaza yule bibi wa kitanda cha pembeni mwenye kisukari.

Mwanzoni tulihangaika mno kufuta meza na vitasa, afu baadae ikaeleweka vizuri kwamba hewa ya chumba kilichofungwa ndo balaa. Hapo nikaanza kubishana na watu kuhusu madirisha (nikapewa na jina la utani). Sehemu mbaya kwa maoni yangu haikuwa wodi, wodini watu wako makini, ni kile chumba cha chai, kidogo, hakina dirisha la maana, wote tumevua barakoa tunakula tunacheka. Tukaomba mapumziko yawe kwa zamu, wawili wawili, na mtu akipenda akale nje. Sista mkuu wa wodi alikubali bila shida, nadhani alikuwa anasubiri tu mtu aseme.

Chanjo ilipofika nikachoma, barakoa wodini nikaendelea nayo. WHO walipotangaza Mei 5, 2023 kwamba dharura imeisha wengi wakatupa vyote. Mi ile ya faili na chupa imebaki, na nikiwa na mafua barakoa navaa, ila kujishika usoni mpaka leo sijaweza kuacha, mwenye mbinu anipe.