Hatua Nane, Mizani Nane

Aliyeligundua jambo hili ni mke wangu. Tulikuwa tunarudi kutoka sokoni, mimi nimebeba chane mbili za ndizi, yeye kapu. Akaniuliza, "Hivi yule fundi wa bati tulimlipa shilingi ngapi?" Nikasimama, nikafikiri, nikamjibu, ndipo nikaendelea kutembea. Mbele kidogo akauliza jingine, nikasimama tena. Mara ya tatu akaangua kicheko: "Bwana wee, kwani maneno yako yanatokea miguuni?"

Nilicheka naye, lakini usiku ule usingizi ulichelewa. Nina miaka 69. Miezi michache nyuma nilijikwaa kwenye ukingo wa mtaro, hapa hapa Ngamiani, Tanga, nikiwa naongea na simu, nikachubuka goti na kiwiko. Siku ile nilimlaumu aliyejenga mtaro.

Mjukuu wangu anasomea fiziotherapia, tiba ya viungo. Nilipomsimulia, yeye hakucheka. Alinitoa uani, akaniambia nitembee kutoka mlangoni hadi kwenye mwembe na kurudi. Nikaenda vizuri tu. Akasema sasa nirudie, nikihesabu kinyumenyume kutoka 100 kwa kutoa tatu tatu. 97, 94, 91... miguu ikagoma. Wala si kwamba hesabu ilinishinda. Nimekuwa karani wa stoo maisha yangu yote ya kazi, nimehesabu marobota ya katani mpaka nikayaota. Nikiwa nimesimama nilishuka hadi 1 bila kukosea.

"Babu," akaniambia, "miguu yako mizima na kichwa chako kizima. Ila havijuani."

Akanisimulia habari ya watafiti wa Sweden, iliyochapishwa mwaka 1997 katika jarida la tiba la Lancet. Walitembea na wazee 58 wa makazi ya wazee, wakawa wanaanzisha mazungumzo njiani. Wazee 12 walisimama ili waweze kujibu. Ndani ya miezi sita, 10 kati ya hao 12 walikuwa wameshaanguka. Nikajiona mimi ndiye wa kumi na tatu.

Kosa langu la kwanza ni kufanya mazoezi ya miguu na ya kichwa kila moja kwa wakati wake. Asubuhi natembea nusu saa kimya kimya kama askari wa doria, jioni nakaa barazani na chemshabongo ya gazeti. Miezi miwili nzima. Suruali zilianza kunilegea kiunoni na pumzi ikatengemaa, hilo silikatai. Lakini mjukuu aliponirudisha kwenye mwembe, nilisimama palepale, kwenye 91. Nilikasirika kweli. Ndipo akanieleza mazoezi wanayofanya wazee wa Japani: wanapiga hatua huku wanahesabu kwa sauti, na kila wakifika namba ya tatu, ya sita, ya tisa, wanapiga kofi. Ukizoea mpaka hukosei tena, unabadilisha zoezi, kwa sababu faida iko pale unapokosea kidogo na kujirekebisha. Kwa mtu niliyelelewa kuchapwa fimbo kwa kila kosa la hesabu, hilo lilinichukua muda kulikubali.

Kupiga makofi njiani sikuweza, nina heshima zangu mtaani. Nikabuni mchezo wangu. Barabara zetu za Ngamiani zinaitwa kwa namba, basi nikasema: kila barabara nitakayoivuka, nitataja vitu kwa idadi ya namba yake. Barabara ya Nne, samaki wanne: changu, tasi, kolekole, nguru. Barabara ya Tano, matunda matano. Nilijiona mjanja. Majirani waliona mzee anayetembea huku midomo inacheza, na habari zikafika nyumbani kabla yangu. Hilo lingevumilika. Lililonikomesha ni Barabara ya Tisa: nilikuwa nimeshataja samaki wanane, namtafuta wa tisa, nikakanyaga barabarani bila kutazama. Bodaboda alifunga breki pikipiki ikayumba. Akaniuliza, kwa adabu kuliko nilivyostahili, "Shikamoo mzee wangu, kwani uko wapi wewe?"

Nilikuwa baharini.

Tangu siku hiyo nina sharti moja nisilolivunja: panapopita magurudumu, akili yote iwe njiani. Michezo ya kichwa nimeihamishia uwanja wa Tangamano, baada ya swala ya Alfajiri, pakiwa pametulia. Na mwanzoni nilikuwa nikitembea karibu na ukuta, nipate pa kushika nikiyumba. Mwenye kutaka kujaribu asione aibu ya ukuta.

Lakini raha yenyewe niliipata kwenye bao. Nacheza bao tangu ujana, na nilidhani hilo ndilo zoezi la akili linalonitosha: safu nne za mashimo manane manane, kete 64, na hesabu ya kutosha kumtoa mtu jasho akiwa amekaa. Tatizo ni huko kukaa. Saa tatu kwenye mkeka, na kuinuka ni mpaka mtu akupe mkono. Nikamshawishi mwenzangu wa barazani, naye ana miaka 72, tubadilishe mchezo. Bao tukaliweka juu ya meza ya uani. Anayeliwa kete anakaa na kuinuka kwenye kiti mara tano, mikono kifuani, bila kushika popote. Na mwenye zamu, kabla hajagusa kete, anauzunguka mwembe mara moja huku anatangaza kwa sauti: nitakula shimo fulani, nitaanzia kichwa cha kulia, kete zitatembea hadi kule, nitaziokota, nitaendelea, nitalala, yaani nitaishia, shimo fulani. Akirudi anacheza. Kete ikilala pengine, anainuka mara tano nyingine.

Anayelijua bao ataelewa ugumu wake. Ukiwa umekaa, macho yako yanakaa kwenye mashimo na unasogeza kete kimoyomoyo. Ukilipa bao kisogo na miguu inatembea, picha inakimbia. Wiki za kwanza nilikuwa nikifika nyuma ya mwembe nyumba yangu, lile shimo kuu la bao, ishapotea kichwani, sikumbuki ina kete sita au nane. Mwenzangu, ambaye miaka yote nilikuwa namfunga, alinifunga mfululizo. Sasa hivi tunatangaza mizunguko miwili mitatu ya kete bila kukosea, na akipata mtaji mzuri, yaani nafasi ya kula kete, anatembea upesi kama kijana, ana haraka ya kuja kunila.

Niseme hapa jambo la presha. Natumia vidonge, na kule kuinuka inuka kulinitia kizunguzungu siku ya pili tu. Nilikwenda kliniki kuuliza kabla ya kuendelea. Nikaambiwa nianze mara mbili, nisibane pumzi, na nikishasimama nitulie kidogo kabla ya kuondoka. Mara tano nimezifikia baada ya wiki kadhaa.

Mke wangu hachezi bao. Yeye ni mtu wa mashairi, na ndiye aliyeleta zoezi ninalolipenda kuliko yote. Mstari wa shairi una vipande viwili vya mizani, yaani silabi, nane nane. Akasema, "Basi kila hatua mizani moja." Hatua nane ukwapi, kipande cha kwanza, hatua nane utao, kipande cha pili, na vina vitimie bila kusimama. Mmoja anatoa mstari, mwingine anaupokea. Ubeti huu tuliutunga uwanjani, mizunguko miwili mizima:

Nyayo zangu nazihisi, goti langu ndilo zito,
Natembea wasiwasi, natamani wangu mto,
Bodaboda ana kasi, nami nyuma kama toto,
Natembea nahesabu, mwili na akili moto.

Washairi wakubwa mtatusamehe. Lakini jaribu mwenyewe kutafuta kina cha "-to" huku mguu wa kushoto ukidai kutua. Hesabu ya kutoa tatu tatu unaizoea. Shairi halizoeleki, maana kila mstari ni mpya, na ukizidisha mizani moja, mguu ndio unaokushtaki.

Huu ni mwezi wa kumi tangu nianze. Kwenye kipimo cha mwembe sasa nashuka kutoka 100 mpaka 40 na kitu bila kusimama, japo mwendo unapungua kidogo. Sijaanguka tena. Miwani bado naitafuta nikiwa nimeivaa, na jina la mkwe wa jirani linanipotea kila Ijumaa. Mjukuu alinionya mapema nisije nikatangaza nimepata dawa ya usahaulifu. Alinitajia utafiti wa Finland uliotoka mwaka 2015, wa watu 1,260 wenye miaka 60 hadi 77, waliofuatwa kwa miaka miwili. Waliopewa mazoezi ya mwili, ya akili, chakula bora na uangalizi wa presha, vyote kwa pamoja, walifanya vizuri zaidi kwenye majaribio ya akili kuliko waliopewa ushauri wa kawaida tu. "Kwa hiyo na chumvi, babu," akamalizia, akitazama sahani yangu. Chumvi nimepunguza. Kuhusu samli bado tuko kwenye mazungumzo.

Juzi tulikuwa mzunguko wa tatu pale uwanjani, mimi ndiye nimetoa mstari. Mke wangu akadakia, "Hapo umezidisha, hiyo ni mizani tisa." Nikabishana naye. Nikahesabu kwa vidole, nikakuta kweli ni tisa, nikaitafuta upya, nikaipata ya nane, nikamtolea kwa sauti. Ndipo nikaona tumeshaupita mlango wa kutokea, hatua zinaendelea, na yeye kaniangalia miguuni, anatabasamu.