Landrova ya baba iliyokuwa inamaliza betri usiku

Desemba ya 2002 nilikuwa nimemaliza fomu foo, nipo tu nyumbani Kibosho nasubiri matokeo, na kazi yangu kubwa kipindi kile ilikuwa kusukuma Landrova. Ilikuwa ya baba, 109 (ile ndefu) ya mwaka 1965, zile ambazo taa kubwa zimekaa katikati kwenye grili sio huku pembeni. Baba alikuwa mwalimu mstaafu, gari anabebea ndizi kushusha sokoni Mbuyuni, Moshi, siku za sherehe anabebea ukoo mzima.

Betri ya zamani ilichoka kabisa, baba akajikamua akanunua mpya mjini Moshi, kijana wa pale dukani akaifunga hapohapo nje dakika chache tu, tukapiga starta ikawaka fasta, baba akafurahi akampa na ya soda. Tunapandisha kurudi nyumbani ikaja harufu kama plastiki inaungua. Baba akasema klachi hiyo, mlima na mzigo. Harufu ikapotea tukaendelea na safari.

Asubuhi gari imekufa. Hata ngrr hakuna. Bahati nzuri kwetu ni mteremko mtupu so tukaiachia, gia ya pili, ikawaka, ikashinda vizuri siku nzima. Kesho yake imekufa tena. Kesho yake ikawaka yenyewe bila shida, ndo ikatuchanganya zaidi maana ingekuwa inakufa kila siku ungejua moja, hii inaamua yenyewe.

Sasa kijijini gari ikiharibika kila mtu ni fundi. Jirani mmoja akasema betri feki. Mwingine akasema waya zimeliwa na panya, na kweli panya tunao. Mjomba, ambae hajawahi kumiliki hata baiskeli, akasema gari ya umri huo inataka kupumzishwa na sio kutengenezwa. Kuna fundi mmoja wa pale barabarani akaja akaangalia geji ya ampia kwenye dashibodi, injini inaunguruma mshale umelala upande wa kutoa chaji, akasema simple, dainamo, ile mashine inayozungushwa na mkanda wa injini kutengeneza umeme wa betri, haichaji. Akaifungua, akabadilisha kaboni, akasafisha, akala hela, akaenda. Asubuhi imekufa. Na cha kuchekesha, ukizima injini ukawasha taa kubwa mshale unaruka upande wa kuchaji! Mimi nikaona ni kama miujiza, baba akasema geji nayo imezeeka kama mwenyewe.

Bas tukawa kila jioni tunachomoa kichwa cha betri, asubuhi tunarudisha. Hilo ndo likawa suluhisho la familia. Lakini Krismasi inakaribia, watoto wa baba mkubwa wanapanda kutoka Dar na Corolla zao, baba akasema hawezi kusukumwa mbele ya wale watu.

Akakumbuka kuna mzee anakaa Pasua, pale Moshi mjini, zamani alikuwa fundi umeme wa matrekta kule mashamba ya miwa Arusha Chini. Tukamfuata. Mzee mfupi, miwani imefungwa na uzi, nikamwamkia shikamoo akaitika marahaba huku macho yako kwenye Landrova, sio kwangu. Hakutaka kusikia historia. Baba anaanza kueleza tulivyobadilisha kaboni, mzee anamwambia "subiri kwanza mwalimu", akasema tuzime gari tukae tunywe chai.

Tukanywa chai kweli, muda wa kutosha. Baba anaangalia saa, mimi naangalia maandazi. Af mzee akanyanyuka, akafungua boneti, akaweka kiganja juu ya dainamo, akaniita. "Kijana njoo shika hapa." Nikashika upande wa mbele wa injini, ulishaanza kupoa. Nikashika dainamo, nikatoa mkono mbio. Ya moto, na inazidi kupata moto, gari imezima!

Akatupeleka kwenye dashibodi. Ufunguo uko mfukoni kwa baba, lakini ile taa nyekundu ya chaji inawaka, hafifu mno, ilibidi mzee aizibe na viganja tuione. Mshale wa ampia umelala upande wa kuchaji. Akamgeukia baba: "Mwalimu, gari imezima. Inachajiwa na nani?"

Baba kimya. Mwalimu wa sayansi huyo.

Mzee akachukua bisibisi akageuza upande wa mpini, akagonga kale kaboksi keusi kalikofungwa ukutani nyuma ya injini. Tak. Taa nyekundu ikazima, mshale ukarudi katikati. Akafungua kifuniko, akatuonyesha vile vidomo viwili vya katauti, swichi inayojifunga na kujiachia yenyewe, vimeungua vimekuwa na vipele. Kazi yake ni kuunganisha dainamo na betri injini ikizunguka, na kuachana injini ikizima, sasa vyenyewe vilikuwa siku nyingine vinagandana. Vikigandana umeme wa betri unarudi kwenye dainamo usiku kucha, unataka kuizungusha kama mota, mkanda umeishika haiendi popote, inabaki kupata moto tu mpaka betri iishe. Zile siku ilizokuwa inawaka asubuhi ni vidomo vilikuwa vimeachia.

Af akainama kwenye betri, akatulia kidogo. "Nani kafunga hii?"

Landrova za miaka ile plasi ndo inaenda kwenye bodi, mainasi ndo waya wa moto. Gari karibu zote unazozijua wewe ni kinyume, na yule kijana wa mjini alifunga kama anavyofunga zote. Starta haijali, inazunguka upande uleule, injini inawaka ingawa cheche za plagi zinapungua nguvu. Dainamo sasa ndo inajali. Ilikuwa bado inatoa umeme wa upande wa zamani, katauti ilipofunga tu dainamo na betri zikagongana, vidomo vikaungua. Ndo ile klachi ya baba. Baada ya hapo dainamo yenyewe ikageuka ikafuata betri, ikawa inachaji kabisa, ila geji inasoma kinyume, na yule fundi wa kaboni akaiamini geji.

Mzee akasugua vidomo na msasa laini, akageuza betri, vichwa vikagoma kukaa maana ncha ya plasi ni nene kuliko ya mainasi, akalazimika kupanua kimoja na kukibana kingine. Af akachomoa waya mdogo wa dainamo, akavuta waya kutoka mainasi ya betri akagusisha pale, cheche, akagusisha tena, basi dainamo ikarudi dini yake ya zamani. Tukawasha, mshale ukaenda kuchaji, safari hii kuchaji kwa ukweli. Alichoomba ni hela kidogo na mkungu wa ndizi. Baba akampelekea miwili.

Tunaondoka mzee akatuwahi dirishani, akasema wakija hao wa Dar na gari zao mkataka kupeana moto, plasi kwa plasi mainasi kwa mainasi, lakini bampa zisigusane kabisa, bodi za hizi gari mbili ni maadui. Na Krismasi ile kweli Corolla ya kaka mmoja ikagoma, aliacha taa zinawaka usiku. Baba akasogeza Landrova taratibu, akaacha nafasi ya mtu kupita katikati, akasimama pale na fimbo yake kuhakikisha hakuna anaesukuma chochote, na kabla ya kuunganisha waya akawapa watu wote somo zima la umeme wakiwa wamesimama juani. Mjomba alikuwa mstari wa mbele anatikisa kichwa kukubali.