Kutulia kwa Nguvu Hakukunipa Mimba

Wakati wa matibabu ya upandikizaji mimba, hakuna ushauri ulionichosha kama ule wa kuambiwa nitulie, eti mwenye mawazo mengi hashiki mimba. Shangazi zangu waliusema, shoga zangu wakaurudia, nami nikaazimia kutulia kwa nguvu zangu zote. Nilichukua likizo, nikajifunza kuvuta pumzi kwa kuhesabu, na nikavaa saa ya kupima mapigo ya moyo ili nijihakikishie kwamba nimetulia kweli. Sindano za kukuza mayai nilizizoea upesi. Saa ile ndiyo iliyonitoa jasho. Mapigo yalipopanda niliogopa kwamba nakiua kiinitete, yaani yai lililorutubishwa nililopandikizwa, kwa mawazo yangu, hofu ikayapandisha zaidi, nami nikawa nakesha nikiikodolea macho kama askari aliyewekwa kumlinda mfungwa mkorofi. Majibu ya damu yakaja hasi.

Daktari aliponikuta nikijilaumu alinieleza kuhusu uchambuzi ulioongozwa na Jacky Boivin wa Chuo Kikuu cha Cardiff, uliochapishwa mwaka 2011 katika jarida la tiba la BMJ. Ulijumlisha tafiti 14 zenye wanawake 3,583, na haukuona kwamba wasiwasi au huzuni kabla ya mzunguko wa matibabu ilipunguza uwezekano wa kushika mimba. Umri wa mwanamke na kasoro za kromosomu katika kiinitete vina uzito mkubwa zaidi. Msongo wa mawazo huwafanya wengi waache matibabu katikati, na hilo sikuhitaji kuelezwa, kwani nilikwisha kuanza kutafuta visingizio vya kutorudi.

Mzunguko uliofuata, ile saa ya mapigo nilimpa mtu mwingine. Wifi yangu nikamfanya msemaji, kila anayetaka habari akamuulize yeye. Wasiwasi niliutengea nusu saa ya jioni na daftari lake. Wazo likija asubuhi, naliambia lingoje zamu yake. Vipimo vya mimba vya mkojo alivificha mume wangu, maana ukipima mapema mno huweza kusoma homoni ya ile sindano ya kukomaza mayai, ukashangilia bure.

Usiku wa kuamkia kupandikizwa sikupata usingizi, na njiani nililia waziwazi. Mzunguko huo ndio ulioshika. Sidai kwamba machozi ni dawa. Safari hii kiinitete kilikuwa kizima, basi.