Tarehe kwenye kadi ya kliniki

Mwaka 2019, mimba yangu ya pili ilipofikisha wiki ya 27, nilikuwa nimekwisha kuhudhuria kliniki mara tatu katika kituo kimoja cha afya wilayani Temeke, na kila mara nilirudi nyumbani nikiwa mzima kwa mujibu wa kadi: uzito umeongezeka, presha iko sawa, damu inatosha, mapigo ya moyo ya mtoto yanasikika. Sikuona mahali popote katika kadi ile palipouliza kwa nini nilikuwa nikiamka saa tisa usiku na kukaa ukingoni mwa kitanda hadi adhana ya alfajiri, wala kwa nini nguo za mtoto alizoninunulia dada yangu zilikuwa zimekaa mwezi mzima bila mimi kuthubutu kuufungua mfuko wake. Mtoto wangu wa kwanza alizaliwa akiwa amekwisha kufariki, mimba ikiwa ya miezi saba, na mwezi huo wa saba ndio uliokuwa ukinijia tena.

Nilimdokezea mama mkwe. "Mwanangu, hayo ni mawazo tu, kila mimba na visa vyake," alinijibu, na sikumlaumu, kwa kuwa hata mimi nililiogopa neno lenyewe. Mtaani kwetu anayesemwa kuwa na tatizo la akili hutaniwa kwamba apelekwe Mirembe, ile hospitali ya Dodoma ambayo watu wamelifanya jina lake kuwa tusi.

Siku ya kliniki ya nne niliipanga sentensi yangu ndani ya daladala kama mtu anayekwenda kwenye usaili wa kazi, lakini nilipofika mbele ya mkunga ikapotea yote. Akaniuliza, kama kawaida yake, "Mtoto anacheza?" Nikamwambia, "Anacheza, sista. Ila mimi mwenyewe siko sawa." Aliiweka kalamu chini. Hakunihoji mbele ya akina mama waliokuwa wakisubiri kwenye benchi. Alinipeleka chumba cha mwisho, kwa muuguzi mwenzake aliyesomea afya ya akili.

Muuguzi yule alitoa karatasi yenye maswali 9 kuhusu majuma mawili yaliyopita, kila jibu na alama yake kuanzia 0 hadi 3. Baadhi ya maswali yaliniudhi: usingizi, uchovu, hamu ya kula, ni mjamzito gani asiyelalamikia hayo? Nilimwambia hivyo, naye akakubali kwamba hiyo ni sababu mojawapo ya sonona ya ujauzito, yaani ugonjwa wa huzuni nzito inayodumu, kupita bila kuonekana, kwa kuwa hujificha ndani ya uchovu ambao kila mtu anautarajia. Kisha tukafika swali la 9, linalouliza kama katika majuma hayo mawili mtu ameona ni heri afe au ajidhuru. Nilinyamaza. Feni ya darini ilikuwa ikigonga kila ilipozunguka, nami nikawa nahesabu milio ile hadi nikasema, "Siku kadhaa."

Nilidhani ataita watu. Hakuita mtu, kwa sauti ileile aliniuliza kama nilikuwa nimepanga lolote, na nani huwa nyumbani usiku. Alama zangu zilifika 16 kati ya 27. Alinieleza kwamba tungeanza kwa mazungumzo ya kila wiki, na kwamba hali isipobadilika daktari angeangalia dawa, kwa kuwa zipo ambazo mjamzito anaweza kutumia chini ya uangalizi. Akaomba mume wangu aje kikao kijacho.

Nilimsihi asiandike neno "akili" kwenye kadi, maana nyumbani kadi yangu ilisomwa na kila mtu. Akaandika tarehe tu.

Usiku ule mume wangu aliiona, akauliza kama ni siku ya kupima damu. Nikamwambia si damu, nikamweleza yote, pamoja na lile swali la mwisho, huku ugali ukipoa mbele yetu. Alikaa kimya kwa muda mrefu, kisha akauliza tunatakiwa kufika saa ngapi.