Rosa Mistika chini ya godoro langu

Padri mlezi wa seminari yetu alikikuta kitabu, riwaya ya Euphrase Kezilahabi iitwayo Rosa Mistika, siku ya Jumamosi, tulipotoa magodoro kuyaanika. Hakunichapa wala hakupandisha sauti. Alikifungua katikati, akasoma akiwa amesimama vilevile, akafunua ukurasa wa pili, akasoma tena, nami niko mbele yake na ndoo yangu ya maji. Kisha akaniuliza, "Kijana, hiki umekitoa wapi?"

"Kwa dada, Padri."

Akaondoka nacho. Namaliza kidato cha nne hakijarudi. Dada anakidai mpaka leo.

Nilikuwa sijafika mwisho. Niliumaliza miaka mingi baadaye, nimeshaacha seminari na ni mwalimu wa Kiswahili hapa Mwanza, ndipo nikajua nilinyang'anywa nini. Rosa amejiua, lakini riwaya haiishii kaburini. Binti na Zakaria, yule baba yake mlevi, wanafika mbele ya Mungu, na kila mmoja ana lake la kusema. Kijijini kwetu aliyejiua alizikwa upesi, bila Misa, na jina lake halikutajwa tena hata kwenye sala za wafu. Kumbe kuna mtu alishakaa akawaza: huyu naye asikilizwe.

Wengi husema Euphrase Kezilahabi alikuwa mkana Mungu, basi, mjadala umekwisha. Mimi huwaambia wasome tena. Alizaliwa Namagondo, Ukerewe, mwaka 1944, akasoma seminari ya Nyegezi kabla ya kuingia Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako baadaye alifundisha fasihi. Uzamivu aliufanyia Wisconsin, Marekani, akaumaliza 1985. Baadaye akahamia Botswana kufundisha. Upadri hakuupata, ila seminari haikumtoka. Hiyo Rosa Mistika ya 1971, iliyowahi kupigwa marufuku shuleni, hata jina lake ni la litania ya Bikira Maria, ile sala ya kumwita kwa majina yake mengi: waridi lenye fumbo. Wapo wanaoona hapo dhihaka. Mimi naona mtu aliyeikariri litania utotoni, akajiuliza mabinti wa Namagondo wanaingia wapi humo.

(Mashairi yake nayaruka. Ule ugomvi wa kama shairi lazima liwe na vina na mizani umeshatuchosha.)

Riwaya yake ya Kichwamaji, ya 1974, huwa nawasomea vipande wanafunzi wangu. Mwanzoni wanamcheka Kazimoto, mhusika mkuu, na maswali yake. Tukiendelea, darasa linapoa.

Lakini kilichonishika zaidi ni kitabu chake kingine, Mzingile. Nilikisoma kwenye meli ya Nansio, bandari ya Ukerewe, mama wa pembeni yangu kapakata kuku. Humo kuna mzee, ambaye mimi namwona ndiye Mungu, anayekaa peke yake, mbali, na inabidi atafutwe apewe habari kwamba mwanawe amefariki. Nikakilaza kitabu magotini. Katekisimu ilinifundisha kwamba Mungu Baba anajua yote. Huyu hajui, anasubiri kupelekewa taarifa ya msiba kama mzee yeyote wa Ukerewe. Na sisi tunajua taarifa ya msiba inavyopelekwa: unafika, unasalimia, unapewa kiti, unaulizwa habari za huko, unajibu "nzuri" huku moyo unadunda. Hakuna somo la dini lililowahi kunifanya nimwonee Mungu huruma. Riwaya ya profesa mmoja ilinifanya hivyo kabla meli haijatia nanga, na yule mama akaniuliza, "Baba, unaumwa?"

Kezilahabi alifariki Januari 2020. Oktoba ya mwaka ule tulikuwa kwenye rozari ya jumuiya, nyumbani kwa jirani, umeme umekatika, katibu anasoma litania kwa tochi ya simu. Alipofika kwenye waridi lenye fumbo nilimwona Rosa, na padri yule akigeuza kurasa kwa kidole kilicholowa mate. Wenzangu walishaitikia "utuombee" wakawa wanaingia mnara wa Daudi. Mke wangu akanifinya.